Kunde za Harlem

Februari 2013, nikiwa mwanafunzi jijini New York, nilitoka Bronx Jumapili moja kwa treni namba 2 nikiwa nimeazimia kula chakula cha Wamarekani Weusi kiitwacho soul food, ambacho kwa miezi mitano nilikuwa nikikisikia tu midomoni mwa wenzangu. Nilishuka kituo cha Mtaa wa 125, Harlem, nikiwa na shida moja: mimi ni Mwislamu wa Tanga, na chakula hiki kimetoka Kusini mwa Marekani, ambako kitoweo cha maskini kilikuwa nguruwe, hasa miguu, shingo na utumbo, kiasi kwamba hata mboga za majani huchemshwa muda mrefu pamoja na kipande chake kilichokaushwa kwa moshi.

Katika mgahawa wa kwanza, ambao sitautaja, nilimuuliza mhudumu mboga zimepikwa na nini. Alijibu, "Na viungo," akaenda zake. Niliziacha mboga, nikala mkate wa mahindi uliokauka kama kiporo, nikalipa na kutoka na njaa yangu.

Nikipanda Lenox Avenue nilipita Sylvia's, mgahawa ulioanzishwa mwaka 1962 na Sylvia Woods, mzaliwa wa South Carolina na mmoja wa mamilioni ya watu Weusi waliohamia miji ya Kaskazini wakiwa na mapishi yao. Foleni ilikuwa imefika barabarani, na ile baridi haikuwa ya kusimamia foleni. Hapo ndipo nilipowaona kina mama watatu waliotoka kanisani, wenye kofia pana za rangi, wakiingia kwenye kiduka kisicho na kibao cha maana. Kwetu anayetafuta pilau nzuri hafuati kibao, hufuata watu, nami nikawafuata.

Ndani, vyakula vilipangwa katika masinia ya chuma yaliyotoa mvuke nyuma ya kioo. Mpakuaji alikuwa mtu mzima, nikamwita mama bila kufikiri, nikarudia swali langu. Huyu aliweka upawa chini ndipo akajibu: aliacha nguruwe zamani na sasa hutumia mabawa ya bata mzinga yaliyokaushwa kwa moshi, kwa sababu wateja wake wengi wana presha na wengine ni Waislamu kama mimi.

Alinipakulia kambale aliyekaangwa kwa unga wa mahindi, bamia zilizopikwa na nyanya, mboga zilizo ndugu wa sukuma wiki, na kunde. Bamia na kunde zilitoka Afrika zamani za utumwa, jambo nililolijua kitabuni. Lakini kuzikuta zimepakuliwa pamoja, upande wa pili wa bahari, kulinifanya nile kimya.

Niliporudisha sahani aliniuliza kwetu kunde hupikwaje. Nikamwambia kwa tui la nazi. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, nazi ni ya keki."