Wala hapana bahari tena

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Ufunuo 21:1. "Kisha nikaona mbingu mpya na nchi mpya, kwa maana mbingu za kwanza na nchi ya kwanza zimekwisha kupita, wala hapana bahari tena."

Kwa ndugu zetu wa Dodoma na Singida, maneno manne ya mwisho hupita bila kugonga mahali. Sisi wa pwani ya Mtwara yanatugonga. Kwenye kipindi cha Biblia, ndugu mmoja ambaye amevua Mikindani tangu ujana wake alisimama akauliza: "Bahari ndiyo iliyonisomeshea watoto. Mungu anaiondoa kwa kosa gani?" Akajibiwa kwamba hiyo ni lugha ya mfano, na somo likaendelea na mstari wa pili. Jibu lenyewe ni la kweli. Lakini aliketi na swali lake, nami nikaondoka nalo, na ndilo ninalotaka tulibebe pamoja juma hili.

Naamini mifano ya unabii haikuandikwa ili tuiruke. Haikuandikwa pia ili tuifanye kalenda. Mnakumbuka Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinatujia. Watu wa pwani na mabondeni waliambiwa wahamie mahali pa usalama, tukangoja kwa hofu, kisha kikapiga Cabo Delgado huko Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Siku zile ujumbe ulizunguka kwenye simu: huu ndio uvumi wa bahari wa Luka 21, hesabu imetimia. Mei 2024 kilipokuja Hidaya na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, ujumbe uleule ukarudi. Wazee wa Lindi waliokiona kimbunga cha 1952 nao wangeweza kupiga hesabu hizohizo. Bwana mwenyewe alisema habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Na katika Luka hiyohiyo, akiisha kutaja uvumi wa bahari na msukosuko wake, hakusema "hesabuni." Alisema, "changamkeni, mkaviinue vichwa vyenu, kwa kuwa ukombozi wenu umekaribia." Ishara ile alipewa mtu aliyeinamisha kichwa, ili akiinue.

Basi tunaisomaje bahari ya Yohana, aliyeandika Ufunuo? Petro ametuwekea mpaka: hakuna unabii katika Maandiko upatao kufasiriwa kama apendavyo mtu fulani tu (2 Petro 1:20). Kwa hiyo sianzi na bahari yangu mimi. Naanza na bahari ya Biblia, nione imebeba nini, ndipo niulize inanigusa wapi. Utaratibu huo ukipinduliwa, kila mtu atakuwa na Ufunuo wake.

Danieli 7 inaanza usiku. Pepo nne za mbinguni zinavuma juu ya bahari kubwa, na wanyama wakubwa wanne wanatokea baharini. Danieli anauliza, anaambiwa ni wafalme wanne. Katika Ufunuo 13 mnyama wa Yohana naye anatoka baharini, na sura ya 17 inatoa maana ya maji aliyoyaona: ni "jamaa na makutano na mataifa na lugha." Kumbe bahari ya unabii si hii tu yenye changu na pweza. Ni vurugu ya mataifa inayozaa tawala za kurarua watu. Hapo sitakaa sana, wahubiri wetu wamepafundisha vizuri.

Ninapotaka tukae ni sura ya 18, ambayo wengi tunaisoma mbiombio. Babeli imeanguka, na wanaoililia ni wafanyabiashara, manahodha na mabaharia. Yohana anaitaja shehena ambayo haina mnunuzi tena: dhahabu, fedha, lulu, vyombo vya pembe za ndovu, mdalasini, uvumba, mafuta, ngano, ng'ombe, farasi, magari. Na mwisho kabisa, baada ya mali yote hiyo, "miili na roho za wanadamu" (Ufunuo 18:13).

Someni orodha hiyo mkiwa Mikindani. Pembe za ndovu na wanadamu katika chombo kimoja: hiyo ni habari ya pwani yetu hii, ya Mikindani, ya Lindi, ya Kilwa Kivinje, ambako misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia ukingoni mwa maji. Kuna watu wa bara la kusini ambao waliiona bahari mara ya kwanza wakiwa wamefungwa minyororo. Mama zao hawakujua walikoishia. Kwa mama wa namna hiyo, kuambiwa kwamba hapana bahari tena kusingezua swali lolote. Angeomba aambiwe tena.

Na Mungu hakungoja siku ya mwisho ndipo aanze kuirudishia pwani hii watu wake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakapitia Lindi kuelekea bara. Nia ilikuwa kufika Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, na hapo kanisa likaanza. Waumini wengi wa kusini leo wana imani iliyopitia mikononi mwa watu hao, watu waliopelekwa na maji kama bidhaa na kurudishwa na maji yaleyale kama mashahidi. Nikifika Ufunuo 20:13, "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake," nawaona wao kwanza, kisha nawawaza wale ambao hawakurudi.

Kwa njia hiyo mstari huu unaingia ndani ya nyumba zetu. Kuna mama katika ushirika wetu ambaye mwanawe alitoka alfajiri upepo wa kusi ukiwa umekaza. Ngalawa ilionekana, imepinduka. Kijana hakuonekana. Nilipokwenda kumsalimu nilikuta jarife la mwanawe, wavu wake wa kuvulia, bado limekunjwa kwenye kona ya ukumbi, maboya yamefungwa kwa kamba ya bluu kama alivyoyafunga yeye mwenyewe, na juu yake vumbi. Watu wameshakuja kuliazima, mama amekataa. Akaniambia, "Mwanangu, waliozika wana pa kwenda kupalilia. Mimi nina maji." Tukafungua Biblia, tukasoma pale pale, Ufunuo 20:13, kisha tukaendelea hadi 21:1. Akaniomba nisome tena kuanzia mwanzo.

Angalieni mpangilio, wapendwa, maana ni yeye aliyeniambia niuangalie. Sura ya 20 bahari inatoa waliomo. Sura ya 21 bahari haipo. Haiondoki na mtu wa mtu. Kabla haijafutwa inadaiwa kwanza, na inalipa. Ningekuwa na maneno machache tu ya kuwapa familia za wavuvi kuanzia Msimbati hadi Kilwa, ningewapa hayo. Kuna hukumu katika sura hiyo, sikatai, na tunapaswa kuiogopa. Lakini hakuna hata mmoja aliyesahaulika huko chini kwa sababu hakuzikwa na watu wake.

Tena tukumbuke aliyeyaona haya aliyaona akiwa wapi. "Nalikuwa katika kisiwa kiitwacho Patmo, kwa ajili ya Neno la Mungu na ushuhuda wa Yesu" (Ufunuo 1:9). Makanisa yake saba yako ng'ambo, na kati yao na yeye ni maji. Hawezi kubatiza, hawezi kuwaombea wagonjwa kwa kuwawekea mikono, hawezi kumzika aliyekufa Smirna. Kila asubuhi akiamka anaona bahari. Wapo miongoni mwetu wanaolijua jambo hilo. Tangu mji wa Palma, Msumbiji, uliposhambuliwa Machi 2021, kuna familia zilizogawanyika na Ruvuma katikati, wengine upande huu, wengine Msumbiji, na wengine hawajulikani waliko hadi leo. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa kwa nini mfungwa wa kisiwani, akionyeshwa nchi mpya, jambo la kwanza analoliona ni kwamba maji ya kumtenga na watu wake hayapo.

Sasa, swali la ndugu yetu. Kwa kosa gani?

Tumsome Ezekieli 47 kando ya Yohana. Nabii anaona maji yanatoka chini ya kizingiti cha nyumba ya Bwana. Yanafika vifundoni, yanafika magotini, yanafika viunoni, yanakuwa mto usiovukika kwa miguu. Mto unateremka mpaka kwenye bahari ile iliyokufa kwa chumvi, na maji yake yanaponywa. Wavuvi wanasimama ukingoni kutoka En-gedi mpaka En-eglaimu, pana mahali pa kutandazia nyavu, na samaki ni wa namna nyingi, wengi sana kama wa bahari kubwa. Hata yale matope ya kando yanaachwa yawe ya chumvi, na sisi wenye mashamba ya chumvi pwani hii tunajua faida yake. Sisi tulioona pia mwamba wa matumbawe uliovunjwa kwa baruti, weupe na bila hata kitu kinachotambaa, tunajua bahari inaweza kuugua na kuhitaji kuponywa.

Yohana anasema haipo, Ezekieli anasema imeponywa na wavuvi wako kazini. Wote wawili ni manabii wa Mungu mmoja. Kinachoondolewa na Mungu ni kile kinachotenga, kinachomeza, kinachoficha, kinachobeba wanadamu kama mzigo. Chakula cha watoto hakiondoi. Kazi ya mikono ya mvuvi hailaaniwi mahali popote katika unabii huo. Ezekieli ameiweka ndani ya maono yenyewe, na nyavu zake. Na ukirudi Ufunuo 15, walioshinda wanasimama kwenye bahari ya kioo wakiwa na vinubi vya Mungu. Wamesimama mahali ambapo zamani wangezama.

Baada ya kusema hayo, nadhani kila mmoja ana ruhusa ya kuuliza: bahari yangu ni ipi? Mimi yangu kwa sasa ni usiku. Kuna ugonjwa katika nyumba yetu, na saa nane usiku mawazo yananichukua huku na huku kama alivyosema Yakobo juu ya mwenye shaka, wimbi la bahari lililochukuliwa na upepo. Mchana ninaomba vizuri. Usiku sina pa kushika. Nimeanza kulitamka neno hili la Yohana saa hizo, kwa sauti ndogo, na ninaposhindwa kuliamini nalitamka kwa niaba ya mama yule wa jarife, maana yeye analiamini.

Halafu naenda Marko 4. Bwana alikuwa chomboni, akaamka, akaikemea bahari: "Nyamaza, utulie." Siku ile bahari haikuondolewa. Ilitulia tu, na safari ilikuwa bado haijaisha, hata wakafika ng'ambo. Tunaishi hapo, katikati ya Marko 4 na Ufunuo 21. Sauti itakayoimaliza bahari ndiyo inayoiamuru leo, na kwa leo huenda ikaituliza bila kuiondoa.

Niseme jambo moja kwa wanaopenda kutafsiri. Kuna namna ya kuutumia unabii ambapo jirani anakuwa mnyama, mkwe anakuwa Babeli, na dhehebu la wengine linakuwa yule kahaba. Nimeisikia mara nyingi, na kila mara msemaji alitoka pale akiwa na hasira zaidi kuliko alivyoingia. Mimi nikiona mfano wa unabii umenipa mtu wa kumchukia, nafunga kitabu naanza upya. Yohana alipomwona mnyama hakuambiwa amtafute mtaani. Aliambiwa, "Hapa ndipo penye subira na imani ya watakatifu" (Ufunuo 13:10).

Juma hili tusome Ezekieli 47:1-12 na Ufunuo 20:11 hadi 21:7, kila nyumba kwa nafasi yake, kwa sauti, watoto wakisikia. Tuwaombee walio majini usiku na wanaosubiri habari kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mwenye ndugu aliyepotelea baharini, hata kama ni miaka mingi iliyopita, ampe katibu wa ushirika jina lake. Jumatano tutayasoma majina yote ndipo tuanze maombi. Wa Msanga Mkuu vukeni mapema, tunaanza saa kumi jioni.