Nilivyoipatia sakafu karakana yangu ya udi, Kiponda

Chumba chenyewe kiko chini kabisa, nyuma ya lililokuwa duka la babu. Ukishuka vidato viwili kutoka ukumbini unapokewa na kiza, ubaridi na harufu ile ya chokaa mbichi ambayo kila aliyelelewa Mji Mkongwe anaijua. Mie si mpigaji. Sina kiti kwenye vikundi vya taarab, si Ikhwani Safaa wala Culture. Ninachopenda ni kutengeneza ala za nyuzi: udi uliobanduka uso, kanuni iliyokatika nyuzi, fidla iliyovunjika shingo. Nilikitaka chumba hicho kiwe karakana yangu ya jioni.

Mara ya kwanza nilifanya wafanyavyo wengi. Fundi akamwaga saruji, akaisawazisha, nami nikaenda kununua mkeka wa mbao. Jina lenyewe linachekesha, maana mbao haimo hata chembe. Ni plastiki tupu iliyochorwa. Lakini ulipendeza, hata wageni wakawa wanavua viatu bila kuambiwa.

Masika yakaingia. Kulikuwa na udi wa mtu niliouegemeza ukutani, kitako chini. Asubuhi moja nauinua, naona uso umeachana na mbavu, pengo la kuingia ukucha, gundi imelegea kama uji. Nikafunua ncha ya mkeka pale pembeni. Matone yamejipanga chini yake kama jasho la kifuniko cha sufuria, na ukungu mweusi umetambaa hadi katikati ya chumba. Ukutani, chokaa imevimba mpaka usawa wa goti. Ukiigusa inamwagika pamoja na chumvi nyeupe.

Nina mpwa wangu yuko Uswidi, naye siku hizo alikuwa anamalizia chumba chake cha chini ya ardhi, cha kuchezea treni zake ndogo za umeme. Huko sakafu inapitishiwa mabomba ya maji moto. Yeye alitamani mbao, akaziacha: mbao nene inazuia joto lisipande, na watengenezaji wengi wa sakafu za mbao hawataki joto la uso wa sakafu lizidi nyuzi 27 za Selsiasi. Akaweka vigae. Nikamtumia sauti nikimlilia hali yangu, naye swali lake lilikuwa moja tu: "Mjomba, ulipima unyevu kabla?" Nikacheka. Kupima unyevu Unguja! "Huku kwetu tunahangaika na joto linalopanda," akasema, "kwenu nyie yanapanda maji."

Akanifundisha kipimo cha bure. Chukua kipande cha nailoni, kama nusu mita kila upande, kibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, kiache mpaka kesho yake. Matone yakiwa juu ya nailoni, ni unyevu wa hewa. Yakiwa chini yake, yanatoka ardhini. Yangu yalikuwa chini.

Hapo ndipo nilipomtafuta mzee mmoja aliyezoea nyumba za mawe. Akaigonga saruji yangu kwa bakora. "Mwanangu, umemziba mdomo, anatokea puani." Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na msingi hauna kitu cha kuzuia maji. Siku zote yalikuwa yakipanda na kujikausha taratibu, mengine sakafuni, mengine ukutani. Nilipoifunga sakafu, yote yakahamia ukutani. Vigae navyo, kwa saruji yake ya kubandikia, vingefanya yale yale. Nakiri kwamba hata baada ya kuambiwa hivyo nilikwenda Darajani mara mbili kuviangalia.

Kuvunja saruji kulichukua siku tatu. Tukachimba kidogo tu, mzee akinikataza kuukaribia msingi, tukatandaza kokoto kubwa zisizo na vumbi, kwani maji hayawezi kupanda kwenye mianya mipana. Juu yake chokaa iliyolowekwa, mchanga wa shamba (wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta maji) na unga wa matofali ya kuchoma. Unga huo usiuache: chokaa yetu peke yake hukazwa na hewa, polepole, na katika chumba kibichi kama kile ungesubiri sana.

Halafu kupondaponda kwa vibao, kutwa. Mzee akasimulia dari za zamani zilivyopigwa kwa nyimbo. Vijana wa jirani waliokuja kunisaidia wakafungulia bongo fleva kwenye simu. Mie sikuvaa glavu, chokaa ikanichubua vidole viwili. Tukafunika kwa magunia yaliyolowa, kisha nikakiacha chumba miezi miwili.

Sasa natandika mikeka ya ukindu kutoka Pemba, nayo kila Ijumaa naitoa juani. Nyudi zinaning'inia kwenye kiunzi cha mbao katikati ya chumba, mbali na kuta. Sakafu inatoa vumbi kiasi, na mguu wa meza ya jiliwa umeshaibonyeza pahala pamoja. Nailoni nikiibandika bado inatoa matone. Maji hayajenda popote, yanapita tu. Ukuta lakini umekauka, na masika yaliyopita haukumwaga chumvi.

Mwenye udi ule alikuja kuuchukua. Akaujaribu, akaridhika, kisha akatazama chini na kuniuliza fundi atarudi lini kumalizia sakafu.