Bangili Iliyokaa Kimya

Jumamosi mnadani Msalato, Dodoma, mwanangu alimshika ng'ombe sikio akauliza: "Baba, akipotea, hii heleni itatuambia yuko wapi?" Nikamwambia haitasema. Heleni ya namna ile haina betri. Huamka ikisogezewa skana, ikataja namba yake, basi. Inajua ni nani, haijui yuko wapi.

Hapo nikakumbuka lile zoezi la reli, upande wa Ihumwa. Tulikuwa tukijiandaa kwa ajali kama ya Msagali ya Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma ikaigonga ya mizigo na watu zaidi ya 200 wakafa. Wanafunzi walipakwa rangi kama majeraha wakalala chini, kila mmoja akivishwa bangili yenye chipu isiyo na betri. Kisha kila mmoja alipangiwa rangi ya uharaka wa matibabu. Anayetembea, kijani. Asiyetembea, akipumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ukibonyeza kucha damu ichukue zaidi ya sekunde 2 kurudi, au asipofuata maagizo mepesi, nyekundu, wa kwanza kutibiwa. Aliyesalia, njano. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa, nyeusi. Rangi inaingizwa kwenye skana palepale pamoja na namba, kisha antena za kwenye hema na za kwenye gari la wagonjwa zinaandika nani kapita.

Mezani kompyuta ikaonyesha nyekundu mmoja hajapita popote. Kwa hiyo bado yuko uwanjani, lakini wapi?

Vijana wakaenda na skana za mkononi. Ikalia kando ya behewa, wote wakakimbilia ndani. Hamna mtu. Ilikuwa imesoma bangili ya mwingine aliyelala mbali kidogo. Ubavu wa chuma ulikuwa umeyarudisha mawimbi ya redio ya skana. Wakati huohuo binti tuliyemtafuta yuko mtaroni, kifudifudi, ameulalia mkono wenye bangili. Kijana alimpita kama hatua mbili, skana kainyoosha, kimya. Mwili una maji mengi, na maji huyameza mawimbi ya aina hiyo. Naye binti aliambiwa aigize kuzimia, akaigiza barabara, hata nzi alipomtua shingoni hakujitikisa.

Mzee mmoja wa machela, asiye na skana, ndiye aliyeshuka mtaroni akamshika bega na nyonga, akamgeuza taratibu. Mkono ulipochomoka tu, skana ya yule kijana ikalia huko juu.

"Sasa ndiyo inaniambia?" mzee akasema.

Baada ya hapo tulivalisha bangili mbili, mkono wa kulia na mguu wa kushoto, na kipande chembamba cha sponji kati ya chipu na ngozi. Tagi zenye betri zilipendekezwa kwa nyekundu tu. Hizo hujitangaza zenyewe na husikika makumi ya mita, ila ni ghali, na betri hufia stoo zikingoja ajali. Hata hizo, nguvu ya mawimbi hukisia umbali tu. Kupata mahali kunataka vipokeo visivyopungua vitatu, na penye mabehewa hesabu huyumba.

Ripoti iliandika kwamba mfumo umefanya kazi. Kwa waliopita kwenye antena, kweli. Fedha ziende kwenye tagi za betri au kwenye machela, mpaka leo sijaamua. Mzee angesema machela, ila yeye hata simu yake hutembea nayo ikiwa imezimwa.