Klipu Niliyoikana Kabla ya Kuisikiliza

Mdogo wangu alinitumia klipu ya sauti ya dakika moja na nusu, ambamo mwanasiasa ninayempenda tangu ujana wangu alisikika akiwadharau watu waliompigia kura. Sikuifungua. Nilimjibu papo hapo kwamba hiyo ni kazi ya akili mnemba, kwamba siku hizi hata mtoto wa shule anaweza kutengeneza sauti ya mtu yeyote, na kwamba yeye, kwa elimu aliyo nayo, hakupaswa kusambaza vitu vya namna hiyo. Siku mbili baadaye mwanasiasa yule aliomba radhi kwa maneno aliyoyasema. Mdogo wangu hakunisimanga, na kutosimangwa huko kulinichoma kuliko masimango yenyewe, nami nikabaki nikijiuliza niliutoa wapi uhakika ule wote juu ya kitu ambacho sikukisikia hata sekunde moja.

Nadhani niliutoa katika onyo. Kwa miaka kadhaa sasa tumeonywa tusiamini kila tunachokiona na kukisikia kwenye simu zetu, nasi tumeonyeka, ila kila mmoja kwa upande unaompendeza. Klipu inayomuumbua mtu tusiyempenda tunaisambaza bila kuikagua, na ile inayomuumbua mtu wetu ndiyo tunayoikumbukia akili mnemba. Nimekuwa nikiulaumu uzembe huu kwa wengine muda mrefu, na ilikuwa fedheha kuukuta umelala mwangu.

Siwadharau wanaoogopa, kwa sababu wana ushahidi. Mwezi Machi 2022, majuma machache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ilisambazwa video ya Rais Volodymyr Zelensky akiwataka askari wake waweke silaha chini, na haikuwa yeye. Mwezi Januari 2024, siku mbili kabla ya uchaguzi wa mchujo katika jimbo la New Hampshire, wapiga kura walipokea simu zenye sauti iliyofanana na ya Rais Joe Biden ikiwashawishi wasiende kupiga kura, nayo haikuwa yake. Lakini tazama yalivyokwisha. Zelensky alijitokeza siku ileile kwa video yake mwenyewe na kuikanusha, na ile ya kughushi ikageuka kichekesho. Mshauri wa siasa aliyeziagiza simu za New Hampshire alijulikana katika muda wa wiki chache, na mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikamtoza faini ya dola milioni 6, ingawa baadaye, mwezi Juni 2025, baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia katika mashtaka ya jinai. Njia ya mwongo ilikuwa fupi, kama wahenga walivyoahidi. Mimi nahangaishwa na njia ya msema kweli, ambayo naona imeanza kurefuka.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Gabon. Rais Ali Bongo aliugua mwezi Oktoba 2018 akiwa Riyadh, alikokwenda kuhudhuria mkutano wa uwekezaji. Msemaji wa ikulu alisema ni uchovu mkali tu. Wiki zikapita bila rais kuonekana wala kusikika, akahamishiwa Morocco kuendelea na matibabu, na ilipofika Desemba ndipo makamu wa rais alipotamka hadharani kwamba alikuwa amepata kiharusi. Katika pengo hilo uvumi ulistawi kama magugu baada ya mvua, mmoja ukisema amekwisha kufa, mwingine ukisema ametafutwa mtu wa kufanana naye. Kisha ukafika Mwaka Mpya wa 2019, na ikulu ikatoa video ya rais akiwatakia heri wananchi wake.

Video hiyo ilikuwa ya dakika zipatazo mbili. Rais ameketi wima, uso umekakamaa, macho yanapepesa kwa nadra, mkono wa kulia umetulia bila kutikisika. Ilikusudiwa kuzima uvumi, nayo ikauchochea. Watu waliitazama, wakaitazama tena, wakasema huyu si yeye, na baadhi ya wanasiasa wa upinzani wakadai kuwa ni video ya kughushi iliyotengenezwa kwa kompyuta. Alfajiri ya tarehe 7 Januari kikundi cha wanajeshi kiliiteka redio ya taifa mjini Libreville na kutangaza mapinduzi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na luteni aliyesoma tangazo lao ni kwamba hotuba ile ilikuwa imeongeza mashaka juu ya uwezo wa rais kuendelea na kazi. Jaribio lilizimwa kwa saa chache na wanajeshi wawili wakauawa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: Libreville lilikuja likiwa na bunduki mkononi.

Wataalamu walioichunguza video ile baadaye hawakupata ushahidi kwamba ilichezewa. Ule uso mkavu na ule mkono mzito ni vitu ambavyo kila aliyemuuguza mtu wa kiharusi angevitambua bila kuhitaji programu ya kompyuta. Video ilikuwa ya kweli, mtu alikuwa wa kweli, na ugonjwa ulikuwa wa kweli. Uongo pekee katika mkasa mzima ni lile neno uchovu, lililosemwa kwa mdomo wa binadamu miezi miwili kabla, bila msaada wa mashine yoyote. Ndiyo maana siafikiani na wanaouhesabu mkasa huu miongoni mwa maovu ya teknolojia. Teknolojia ilikuta shaka imekwisha kuzaliwa na kulelewa na ukimya wa ikulu, ikaipa jina tu. Mtawala anayewaficha watu wake hali yake ya afya asishangae siku atakaposema kweli akaambiwa anaigizwa.

Wanasheria wawili wa Marekani, Robert Chesney na Danielle Citron, waliuona mkondo huu mapema na kuupa jina ambalo kwa Kiswahili ningeliita gawio la mwongo: kadiri umma unavyoelimishwa kwamba video zinaweza kughushiwa, ndivyo aliyenaswa kwenye video ya kweli anavyopata mlango wa kutokea. Makala yao ilichapishwa mwaka 2019, na haikuchukua muda mrefu mlango ukaanza kugongwa na watu wenye mawakili wazuri. Mwaka 2023, katika kesi iliyohusu ajali mbaya ya gari la Tesla huko California, familia ya marehemu ilitaka kutumia maneno aliyoyasema Elon Musk kwenye mahojiano ya mwaka 2016 juu ya usalama wa mfumo wa gari kujiendesha. Mawakili wa kampuni walijibu kwamba hawawezi kuthibitisha kuwa yule ni Musk kweli, kwa kuwa mtu maarufu kama yeye huandamwa na video za kughushi. Jaji aliikataa hoja hiyo, akieleza kwamba ikikubaliwa, watu maarufu watakuwa na uhuru wa kusema lolote hadharani kisha wajifiche nyuma ya uwezekano wa kughushiwa. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka sana, nikiwa bado sijatumiwa ile klipu na mdogo wangu.

Halafu kuna mwezi Agosti 2024, ambao ningeuweka kwenye jumba la makumbusho kama ingewezekana kuweka mwezi mzima kwenye kabati la kioo. Tarehe 7 Kamala Harris alihutubia umati mkubwa katika uwanja wa ndege karibu na Detroit, mbele ya waandishi wa habari na maelfu ya watu walioshika simu juu. Siku nne baadaye mpinzani wake, Donald Trump, aliandika kwamba umati ule haukuwepo na kwamba picha zake zilitengenezwa kwa akili mnemba. Wiki moja baada ya hapo, Trump huyohuyo alichapisha picha za wasichana waliovaa fulana za kuonyesha kwamba mashabiki wa mwimbaji Taylor Swift wako upande wake, pamoja na picha ya Swift mwenyewe akiwahimiza watu wampigie kura, naye akaandika kwamba amekubali. Baadhi ya picha hizo, ikiwemo ile ya Swift, zilitengenezwa kwa akili mnemba. Umati halisi uliitwa wa bandia na uungwaji mkono wa bandia ukapokelewa kama halisi, na yote hayo yalitoka katika akaunti moja.

Swift alijibu tarehe 10 Septemba, mara tu baada ya mdahalo wa wagombea, akimtangaza Harris kuwa ndiye atakayempigia kura na kueleza kwamba picha zile za kughushi zilimfanya aone haja ya kuweka msimamo wake wazi. Zaidi ya watu laki nne walifungua kiungo alichokiweka cha kujiandikisha kupiga kura katika muda wa siku moja. Sina ugomvi na uamuzi wake. Ninachokitafakari ni kwamba uongo ulirekebishwa kwa sababu aliyezuliwa ana wafuasi wapatao milioni mia mbili na themanini, ilhali mwalimu wa shule anayezuliwa klipu na mwanafunzi mwenye kinyongo hana jukwaa la kusimama na kusema huyu si mimi, na yule anayedhulumiwa kwenye video ya kweli hana nguvu ya kumzuia mkubwa asiiite ya kughushi. Kuaminiwa kumeanza kufuata umaarufu, na jambo hilo linanikera kuliko mashine zenyewe.

Wanamuziki wamelipata somo hili kwa namna yao. Mwezi Juni 2023 Paul McCartney alieleza katika mahojiano ya redio kwamba akili mnemba imesaidia kukamilisha wimbo wa mwisho wa The Beatles kwa sauti ya John Lennon, aliyeuawa mwaka 1980. Mashabiki wengi walielewa kwamba marehemu ametengenezewa sauti, wakakasirika, hata McCartney akalazimika kufafanua kwamba hakuna kilichobuniwa. Kilichofanyika ni kuitenga sauti ya Lennon na mlio wa piano katika kaseti aliyoirekodi nyumbani kwake miaka ya 1970. Mtu alirekodi sauti yake mwenyewe, ikakaa kwenye kaseti zaidi ya miaka arobaini, na ilipotoka ikiwa safi ndipo ikashukiwa. Huyo ni Bongo mwingine, isipokuwa mkasa wake uliishia kwenye tuzo ya Grammy.

Upande wa pili wa sarafu hii uko Pakistan, nao unanitatiza kwa sababu unavuruga hoja yangu. Imran Khan, waziri mkuu wa zamani wa nchi hiyo, akiwa gerezani mwezi Desemba 2023, alipitisha ujumbe kupitia mawakili wake, na chama chake kikautengenezea sauti inayofanana na yake na kuutangaza katika mkutano wa mtandaoni, kikieleza wazi kwamba sauti hiyo ni ya akili mnemba. Baada ya uchaguzi wa Februari 2024 ilisikika tena ikidai ushindi. Sauti haikuwa yake lakini ujumbe ulikuwa wake, na hakuna aliyedanganywa. Nikiulizwa kati ya video ya Libreville na sauti ile ipi ilikuwa ya kweli zaidi, ningechelewa kujibu, na kama ningeshurutishwa ningesema ile ya Pakistan, kwa sababu ilikuja na maelezo ya ilikotoka.

Sheria zinajaribu. Zamani, mwaka 1988, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kampuni ya Ford haikuwa na haki ya kumtumia mwimbaji mwingine kuiga sauti ya Bette Midler katika tangazo la magari baada ya Midler mwenyewe kukataa. Mwaka 2024 jimbo la Tennessee, penye viwanda vya muziki vya Nashville, lilipitisha sheria ya kulinda sauti ya mtu dhidi ya kuigwa kwa akili mnemba. Zote hizo zinamlinda mtu asisingiziwe alichosema. Za kumzuia asikane alichosema kweli sijui zingeandikwaje, na wala sitamani kuziona zikiandikwa na wanasiasa.

Nirudi Gabon nimalizie. Bongo alipinduliwa tarehe 30 Agosti 2023, dakika chache baada ya kutangazwa mshindi wa uchaguzi ambao wakati wake serikali iliikatia nchi nzima intaneti. Wanajeshi waliposhika madaraka intaneti ilirudi, na siku hiyohiyo ikasambaa video ya rais aliyeketi katika kiti cha makazi yake, akiwasihi kwa Kiingereza marafiki zake wote duniani wapige kelele kwa ajili yake na familia yake. Safari hii karibu kila mtu alikubali kwamba ni yeye. Katika muda wa siku moja au mbili maneno yale yalikuwa yamewekewa midundo, na vijana wa nchi mbalimbali walikuwa wakiyachezea TikTok. Mwezi Mei 2025 Bongo alisafirishwa na familia yake kwenda Luanda, na midundo ile bado huniibukia ninapotembeza kidole kwenye simu.

Wakati wa kuandika haya niliitafuta ile video ya Mwaka Mpya wa 2019 na kuitazama mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza, ingawa nimeizungumzia mbele za watu mara nyingi. Ile ya kelele nimekwisha kuitazama si chini ya mara ishirini, nyingi kati ya hizo ikiwa na ngoma.