Namba Mbili, na Wimbo Uishe

Jumamosi iliyopita niliingia katika saluni moja ya kiume hapa Tabora, upande wa Ipuli, nikakaa kitini, nikamwambia kijana aliyenifunga kitambaa shingoni kwamba nataka namba mbili kichwa kizima, asinichonge mbele, asipitishe wembe kidevuni na asinipake rangi. Aliitikia, "Sawa, mzee wangu," akawasha mashine, na kabla sijamaliza kuitia miwani yangu mfukoni alikuwa amekwisha kupitisha mstari wa kwanza utosini, mashine ikiwa tupu, haina chana. Nilipoinua mkono kumzuia hapakuwa tena na la kufanya isipokuwa kumwacha asawazishe kilichobaki, kwa sababu nywele si suruali ambayo fundi akikosea atakuwekea kiraka. Nilitoka kichwa kikiwa cheupe, na mstari wa paji la uso ukiwa umesogezwa nyuma kwa upana wa kidole.

Wapo watakaoliona jambo hili kuwa dogo. Kwangu si dogo, na nitaeleza sababu. Chana za mashine zina vipimo vinavyojulikana: namba moja huacha nywele za urefu wa milimita 3 hivi, namba mbili huacha milimita 6. Nywele zetu za kipilipili hujikunja tangu zinapotoka kwenye ngozi, na zikikatwa karibu mno, ncha yake iliyochongoka hujikunja ikarudi ndani ya ngozi, pakavimba, pakawa na vipele. Mimi vipele hivyo hunitoka kisogoni na chini ya kidevu, hukaa wiki mbili au tatu, na kola ya shati ikivisugua wakati wa jua la mchana najuta kutoka nyumbani. Kwa hiyo ninapotaja namba sichagui mtindo. Ninaomba nisiumizwe, na kinyozi anayeijua kazi yake anapaswa kulifahamu hilo hata kabla sijalisema.

Halafu kuna huku kuchonga. Siku hizi karibu kila kinyozi kijana anaamini kwamba paji la uso lisilo na mstari ulionyooka kama wa rula ni kazi isiyokamilika. Ili aunyooshe mstari huo humlazimu kuondoa nywele zilizo mbele ya mahali palipopinda, na kwa kuwa hakuna paji la uso lililozaliwa limenyooka, kila anayekuchonga hukupunguzia kidogo. Wiki moja baadaye vinyweleo vinachomoza mbele ya mstari, mtu anaonekana mchafu, na analazimika kurudi kuchongwa tena. Vijana wanaoupenda mtindo huo wana haki yao na wanapendeza, wala sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kufanyiwa nilichokikataa kwa maneno ya wazi.

Lakini siku ile, kusema kweli, nilikataa kwa maneno ambayo hayakusikika. Juu ya kabati la taulo palikuwa na spika kubwa iliyounganishwa na simu ya kijana mmojawapo, na ilikuwa ikipiga kwa sauti ambayo niliihisi kifuani kuliko masikioni. Niliomba wapunguze. Walipunguza kwa adabu, na dakika mbili baadaye mwingine akapita akaongeza. Kinyozi wangu alikuwa akiniitikia kwa kichwa kila niliposema, na sasa naamini kwamba hakusikia hata nusu. Hapo ndipo nilipoanza kuyafikiri mambo haya mawili kwa pamoja, yaani kunyolewa na redio, kwa sababu katika maisha yangu yalianza pamoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, marehemu baba alikuwa akinipeleka kila mwisho wa mwezi kwa mzee mmoja aliyenyolea watu chini ya mwembe, kwenye njia ya kwenda stesheni. Vifaa vyake vyote vilienea kwenye kisanduku kimoja cha mbao: mkasi, chana, mashine ya mkono iliyolia kama panzi, wembe, kopo la maji, kioo kilichopasuka pembeni, na redio ya National iliyovalishwa mfuko wa ngozi wenye vitundu mbele ili sauti ipite. Kabla ya kushika mkasi aliweka kiganja chake utosini pangu, akakizungusha taratibu akitafuta nywele zinaanzia kuzunguka wapi, akapapasa nyuma ya masikio kuona kama kuna kidonda au mapunye, ndipo akamuuliza baba, na baada ya baba akaniuliza na mimi, mtoto wa miaka tisa, "Na wewe mwenyewe wasemaje?"

Redio ilikuwa ikiimba wakati wote, kwa sauti ya kusikika na watu watatu au wanne. Wimbo wa dansi ulipofika pale ambapo waimbaji wananyamaza na magitaa yanaanza kupokezana, gita la solo likiuliza na la pili likijibu, mzee aliinua mkasi juu ya kichwa changu akausimamisha hewani. Sikuthubutu kutikisika. Baba, aliyekuwa mtu wa haraka katika kila jambo, hakumhimiza hata mara moja. Magitaa yalipomaliza maneno yao na tarumbeta zikaingia, mkasi ulishuka, kazi ikaendelea.

Nyimbo zile zilitoka Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara. Bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilibidi irekodiwe na redio hiyo, na kwa bendi ya Tabora maana yake ilikuwa safari ya reli ya kilomita 840 hivi hadi Dar es Salaam pamoja na wanamuziki wake, kisha kurudi na kusubiri siku wimbo utakapopigwa. Ndivyo Tabora Jazz, wenye mtindo wao wa Segere Matata, walivyojulikana kuanzia Kigoma hadi Mtwara, na ndivyo sauti ya mwimbaji wao Shem Karenga ilivyoingia katika nyumba za watu ambao hawajawahi kuuona mwembe mmoja wa mji huu. Nyanyembe Jazz nao walikuwa wa hapa, jina lao likitokana na Unyanyembe, utemi wa zamani wa eneo hili. Mji mmoja wa bara, na bendi zinazojulikana taifa zima! Kila nikilikumbuka hilo nafarijika na kuumia kwa wakati mmoja.

Redio ya zamani ilifika mbali kwa sababu ya masafa yake. Ilitumia masafa ya kati na masafa mafupi, na usiku mawimbi ya masafa ya kati hurudishwa ardhini na tabaka la juu la anga, yakasafiri mamia ya kilomita zaidi kuliko mchana. Ndiyo maana jioni, baba alipozungusha kitufe polepole, tulisikia pia muziki wa Kongo ukija na kupotea kama mtu anayeongea huku upepo unavuma. Masafa ya FM tunayoyatumia sasa ni safi zaidi kwa sauti, lakini hayapindi, yanakwenda moja kwa moja na kuishia makumi machache ya kilomita kutoka kwenye mnara.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango kwa redio za watu binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na baada yake zikaja redio nyingine nyingi, zikiwemo za mikoani. Sipingi hata kidogo. Redio za mji wetu zinatueleza habari za tumbaku na asali, misiba na maji kukatika, mambo ambayo zamani tuliyasikia kwa kubahatisha. Lakini kwa hesabu ya kawaida, redio ambayo mnara wake uko Tabora na ambayo haifiki mbali na Tabora ndiyo ingekuwa ya kwanza kupiga nyimbo za Tabora. Mimi ninayesikiliza tangu alfajiri hadi naposinzia naweza kumaliza mwezi mzima bila kuwasikia Tabora Jazz, huku nyimbo kumi zilezile kutoka Dar es Salaam na Lagos zikirudiwa asubuhi, mchana na jioni.

Jambo hili si letu peke yetu. Marekani, wapenzi wa muziki wa roki wamelipitia kwa namna yao. Mwaka 1996 nchi hiyo ilipitisha sheria ya mawasiliano iliyoondoa ukomo wa idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchini kote, na haikuchukua miaka mingi kampuni moja ikawa na vituo zaidi ya 1,000. Orodha za nyimbo zikaanza kupangwa na watu walio mbali na wasikilizaji, na mtangazaji aliyekuwa akichagua santuri kwa mkono wake akabaki kusoma majina. Kituo cha WBCN cha Boston, kilichoanza kupiga roki mwaka 1968, kiliondolewa kwenye masafa yake mwaka 2009. Sikuwahi kukisikia na sijui roki kama wenyewe wanavyoijua, lakini ninakielewa kilio cha mtu aliyezungusha kitufe hadi mahali palepale pa miaka 40 akakuta pana kitu kingine.

Mwaka jana nilikwenda mwenyewe katika kituo kimoja cha redio hapa mjini kuomba wimbo. Binti aliyenipokea alisimama, akanipa shikamoo, akanisikiliza hadi mwisho, na nilimpenda kwa hilo. Kisha akafungua kompyuta, akaandika jina la bendi, akanigeuzia kioo nione mwenyewe kwamba hakuna kilichotokea. "Baba, hizi hazimo humu," aliniambia, "labda Jumapili kwenye zilipendwa." Nilisubiri Jumapili. Wimbo ulipigwa, si ule nilioomba bali wa bendi nyingine ya wakati uleule, na nikafurahi hata hivyo. Walipofika mwisho wa ubeti wa tatu, magitaa yalipoanza tu kupokezana, mtangazaji aliingia na sauti yake, akasoma salamu za watu sita, akataja jina la kituo, akaweka tangazo la sabuni. Nyimbo zile zilitungwa kwa dakika sita, saba, hata zaidi, na nusu ya pili ndiyo waliyoifanyia mazoezi hadi usiku wa manane, kwa sababu ndiyo iliyowainua watu vitini. Kuukata wimbo wa dansi pale ni kama kumnyoa mtu upande mmoja.

Na jina lenyewe linanisumbua. Zilipendwa: yaani zilipendwa zamani, na mapenzi hayo yamekwisha. Nani ameuliza? Mimi nazipenda leo, jirani yangu anazipenda leo, na kwenye sherehe yoyote hapa Isevya au Ng'ambo, zikipigwa, hata vijana wanasimama. Laiti vituo vyetu vingeziita zinazopendwa na kuzipa nusu saa kila siku jioni, na kuziacha ziishe.

Jana, kichwa kikiwa bado kinawasha, nilikwenda kwa kijana mwingine aliyefungua kibanda karibu na soko, si kunyoa, bali kumwomba anipake spiriti kwenye vipele. Alikuwa peke yake. Umeme ulikuwa hafifu, taa ikififia na kurudi, na alikuwa ameizima mashine kwa sababu, alivyoniambia, umeme ukishuka visu vinakwenda polepole na mashine inang'oa nywele badala ya kuzikata, na hataki kumwumiza mteja. Aligeuza kisogo changu kwenye mwanga wa mlangoni, akapapasa kwa kidole, akauliza, "Mzee, walikunyoa bila chana?" Nikasema ndiyo. Akauliza ningependa vipi nywele zikiota.

Nilimwambia namba mbili, bila kuchonga. Kisha nikatoa mfukoni flashi ambayo mwanangu alinijazia nyimbo, nikamwomba aichomeke kwenye redio yake ndogo ya betri. Tabora Jazz walianza kuimba, naye akaendelea kupangusa vipele kwa pamba bila kusema neno, hadi magitaa yalipoanza kuulizana na kujibizana. Mkono wake ulisimama kisogoni pangu.

"Hawa ni wa wapi, mzee? Kongo?"

"Wa hapa hapa, Tabora."

Hakuniamini mara moja. Aliomba nimwachie flashi hadi Jumamosi ijayo, nami nikamwachia, nikakaa kwenye benchi lake hadi wimbo ulipokwisha.