Kikao cha harusi kilivyonifundisha kuhesabu

Jaribio langu la kwanza la hisabati diskriti chuoni, hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, nilipata 7 kati ya 30. Seti nilizielewa, mantiki nilijikongoja nayo. Kilichonimaliza ni mada ya kuhesabu. Ndiyo, kuhesabu, kitu nilichoanza nacho chekechea.

Nilikuwa nimekariri fomula mbili, ya mipangilio (mfuatano una maana) na ya michaguo (mfuatano hauna maana), na kila swali nabahatisha mojawapo. Likizo ikanikuta nyumbani kwenye kikao cha harusi ya dada. Tulikuwa 10 sebuleni, tukateua mwenyekiti, katibu na mhazini. Nikaanza kupiga hesabu pembeni ya daftari la michango: mwenyekiti yeyote kati ya 10, katibu kati ya 9 waliobaki, mhazini kati ya 8. Njia 720. Kisha ikaundwa kamati ya chakula, watu 3 wowote kati ya wale wale 10, bila vyeo ndani ya kamati. Hapo shangazi, mama mdogo na baba mdogo ni walewale, uanze kumtaja yeyote, na watu 3 hupangika kwa njia 6. Gawanya 720 kwa 6, kamati ni 120. Kumbe ile faktoria ya chini kwenye fomula, yaani 3 mara 2 mara 1, ilikuwa na kazi hiyo! Tangu siku ile huanza kwa kujiuliza: wakibadilishana nafasi, kuna kinachobadilika?

Ila sikupona mara moja. Mama mkubwa alishikilia kamati ya chakula isikose mwanamke, na wanawake tulikuwa 4, wanaume 6. Nikachagua mwanamke 1 kati ya 4, kisha 2 wowote kati ya 9 waliobaki: 4 mara 36, jibu 144. Nikafunga daftari kwa maringo. Usiku ndipo nikashtuka: kamati zote ni 120, hizi 144 zimetoka wapi? Ya shangazi, mama mdogo na baba mdogo nilikuwa nimeihesabu mara mbili, shangazi akitangulia, kisha mama mdogo akitangulia. Njia ya mkato ni kutoa kamati za wanaume watupu, 20, zikabaki 100.

Mpaka leo swali likinitisha nalipunguza liwe la watu 4, naandika orodha yote kwa mkono, ndipo naigusa fomula. Kunachosha, lakini 144 ya uongo haijanipata tena.

Mama mkubwa hatimaye aliweka wanawake watupu. Kamati za namna hiyo ni 4 tu.