Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Matangi ya Samaki, Mlezi wa Mijusi

Saa 11:40 alfajiri

Leo nimeamshwa na ukimya. Chumba cha nyuma kina pampu sita za hewa, na masikio yangu yamezizoea hivi kwamba sizisikii tena. Moja ikizima, hapo ndipo nashtuka. Nimekuta ile ya tangi la mbuna, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, imekata roho, mpira wake wa ndani umechanika. Vipuri ninavyo kwenye kopo, nikabadilisha tochi ikiwa mdomoni. Dakika saba. Maji ya nyuzi 26 hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na tangi lile limejaa samaki, kwa hiyo sikutaka zifike kumi.

Kwa kuwa usingizi ulishakimbia, nikamtazama jike mmoja aliyejibanza nyuma ya mawe. Leo ni siku ya 17 hajala, na haumwi chochote: kinywa chake kimejaa watoto. Samaki hawa hulelea mayai kinywani kwa takriban wiki tatu, na muda wote huo mama hula kidogo sana au hali kabisa. Koo limemvimba, taya linachezacheza kuwageuza walio ndani. Dume lake linapita upande wa pili likijitanua kwa rangi zote, kana kwamba mzigo ni wake.

Saa 12:30 asubuhi

Kabla taa hazijawaka napita na kipimajoto. Watu wakisikia nafuga mijusi na nyoka huniuliza nawalisha nini. Sijawahi kuulizwa wanaota joto wapi, na hilo ndilo swali la kwanza. Mjusi hatengenezi joto lake mwilini kama sisi. Asipopata pa kuota, hata alichokula jana hakisagiki, kinaishia kuoza tumboni. Ndiyo maana kila kasha langu lina upande wa moto na upande wa ubaridi, mwenye nyumba ajichagulie. Kwa geko chui, mjusi mdogo mwenye madoadoa, sakafu leo ni nyuzi 32 upande huu na 25 upande ule. Kwa mjusi mwenye ndevu, yule wa Australia, jiwe la kuotea litafika 40 taa ikishawaka.

Chatu nimempima kwenye mizani iliyostaafu jikoni. Ni yule mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa. Gramu 1,462, wiki iliyopita 1,470. Ana wiki saba hajagusa chakula. Zamani ningekuwa nimeshapoteza usingizi, lakini aina hii, hasa madume, huweza kususia chakula miezi kadhaa bila kuugua. Uzito ukiporomoka ndipo nitahangaika. Gramu nane naziandika tu daftarini.

Saa 2:00 asubuhi

Kuhamisha nyenje 200 kutoka kwenye boksi la karatasi hadi kwenye ndoo. Ni kazi ya dakika mbili kwa mtu ambaye simu yake haiiti. Yangu iliita. Watatu waliruka, wawili nimewadaka, wa tatu kaingia chini ya kabati na sina muda naye.

Saa 3:15 asubuhi

Aliyepiga simu ni mama mmoja ambaye tangi lake lina siku nane. Hakulinunua kwangu, na sikuuliza alinunua wapi. Lita 60, samaki 18, wawili wameshakufa. Nilipofika, wengine wote walikuwa juu wanahema, matamvua mekundu kama yamepakwa rangi.

"Fundi, lakini maji ni safi," akaniambia. "Mwanangu anaosha kila kitu baada ya siku mbili. Mawe, kichujio, kila kitu."

Hapo nikajua kabla hata sijafungua kisanduku changu cha matone ya kupimia maji. Nilipima hata hivyo, kwa sababu kujua kichwani na kumwonyesha mtu rangi ndani ya mrija wa kioo ni vitu viwili tofauti. Maji yake yalikuwa maangavu kweli, unaweza kusoma gazeti kupitia tangi. Tone la mwisho likaingia, nikatikisa, tukasubiri dakika tano. Mrija ukawa kijani. Amonia miligramu 2 kwa lita, na inatakiwa iwe sifuri. pH, kipimo cha uasidi wa maji, ilikuwa 8.2, jambo linaloongeza makali, maana amonia ileile huwa sumu zaidi pH ikipanda.

Nikakaa naye chini. Samaki anapumua na kujisaidia humohumo anamoishi, na taka yake kubwa ni amonia. Ziwani taka hiyo inapotea kwenye maji yasiyo na mwisho. Kwenye lita 60 haina pa kwenda, isipokuwa iliwe. Wapo bakteria wanaoila, wakaacha nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wapo wengine wanaokula nitriti, wakaacha nitrati, na hiyo samaki huivumilia kwa kiasi mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao hawaji na tangi kutoka dukani. Huota polepole kwenye mawe, kwenye vioo, na zaidi ya yote kwenye sponji ya kichujio, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Kijana wake, kwa nia njema kabisa, amekuwa akiwaosha kila baada ya siku mbili kwa maji ya bomba yenye klorini, dawa inayowaua.

Mama akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama sakafu. Nikaona nimuokoe, nikawasimulia yangu. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilichukua sponji ya tangi langu kubwa, imejaa matope ya kahawia, nikaiosha bombani mpaka ikarudi rangi ya dukani. Nilijisifu. Baada ya siku nne nilikuwa nimezika samaki kumi na moja, wengine niliokaa nao miaka mitatu. Yale matope ya kahawia ndiyo yalikuwa yanawaweka hai. Tangu siku hiyo sponji naikamua mara mbili tatu ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, na nairudisha ikiwa bado ina sura ya uchafu.

Tukabadilisha nusu ya maji. Mapya tuliyatia dawa ya kuondoa klorini na kuyapasha hadi yalingane na ya zamani, nikapima kwa kipimajoto wala si kwa mkono, mkono ni mwongo. Nikatoa kwenye mfuko wangu kipande cha sponji nilichokata kwenye tangi langu lililokomaa, nikakichomeka ndani ya kichujio chake. Ni kama kuazima chachu kwa jirani. Masharti niliyowaachia: leo na kesho samaki wasilishwe, kupima kila siku, amonia ikionekana mnabadilisha maji tena, na asiongezwe samaki hata mmoja.

"Hata mmoja mzuri?" kijana akauliza.

Hata huyo.

Saa 6:00 mchana

Kufunga tangi jipya kwa mteja mwingine, sentimita 90 kwa 45 kwa 45. Hesabu yake ni lita 182 likijaa pomoni, na lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza kioo, mawe na mchanga, unazidi kilo 200 juu ya miguu minne. Mwenye nyumba alitaka liwekwe juu ya kabati la televisheni. Nikamwomba akae yeye na shemeji zake wawili juu ya kabati hilo kwanza. Alicheka, tukaenda na stendi niliyokuja nayo.

Pima maji ndicho chombo ninachokiamini kuliko vyote. Tangi likiinama milimita tano upande mmoja, macho hayaoni, ila silikoni ya kwenye kona inahisi usiku na mchana. Nyaya nimeziacha zining'inie zikipita chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likishuka na waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Kwenye kujaza, naweka sahani juu ya mchanga na kumwagia maji hapo, la sivyo mandhari yote uliyoyapanga yanageuka kuwa shimo.

Mtoto wa nyumba hiyo alikuwa amesimama na jina la samaki wake tayari. Nilipomwambia samaki watakuja baada ya wiki kadhaa, alilia. Sina dawa ya hilo. Nimemwachia daftari na kisanduku cha matone, yeye ndiye mpimaji rasmi.

Saa 9:20 alasiri

Hii ndiyo ziara iliyoniharibia siku.

Mjusi mwenye ndevu, umri wa miezi minane. Wenyewe waliniita nije "kupendezesha kasha." Nilipomwinua, mguu wa nyuma ulitetemeka, na taya la chini lilikuwa laini, linabonyea kidogo kama ganda la yai bichi. Mifupa yake imekosa kalsiamu.

Kalsiamu alikuwa anapewa, kopo lipo pale. Taa ya UVB, miale ya urujuanimno kama ya jua, ipo pia. Kosa lilikuwa kwenye kifuniko: kioo. Taa imewekwa juu ya kioo, na kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote ya UVB. Bila miale hiyo mjusi wa mchana hatengenezi vitamini D3 ya kutosha, na bila D3 kalsiamu inapita tumboni kama mgeni aliyenyimwa kiti. Kwa miezi minane mnyama huyu ameishi chini ya mwanga mkali akiwa gizani.

Na hata taa nzuri hufa kimyakimya. Mwanga unaouona utaendelea kuwaka, ila UVB hupungua na kwisha. Nyingi zinatakiwa kubadilishwa baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kutegemea aina. Zangu nazibandika karatasi yenye tarehe.

Sikupendezesha kitu. Niliondoa kioo, nikaweka wavu, nikaipanga taa kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji, kisha nikasema wampeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia leo, si Jumamosi. Mimi si daktari. Baba alikuwa kimya muda mrefu, halafu akauliza kama mguu utanyooka. Nikamwambia mifupa inaweza kukaza, ila iliyopinda mara nyingi hubaki imepinda. Binti yao mdogo, ana kama miaka mitatu, alitaka kumbusu mjusi kwaheri. Nikamzuia kwa upole. Hata mjusi mwenye afya huweza kubeba bakteria wa salmonela, na watoto chini ya miaka mitano hawafai kabisa kushikashika reptilia. Sote tukaenda kunawa kwa sabuni.

Njiani nilimkumbuka Joan Procter, mwanamke aliyesimamia reptilia katika bustani ya wanyama ya London na kubuni jumba lao lililofunguliwa mwaka 1927. Alihangaika na joto na mwanga wa kila banda karibu karne moja iliyopita, akiwa mgonjwa muda mwingi wa maisha yake. Alifariki mwaka 1931 akiwa na miaka 34. Sisi tuna taa za kuagiza kwa kidole, na bado tunazifunika kioo.

Saa 1:30 usiku

Nyumbani. Nyenje wanapakwa unga wa kalsiamu ndani ya kikombe, wanatoka weupe kama mafundi wa lipu. Geko chui amejitokeza, ncha ya mkia inatikisika kama ya paka kabla ya kuruka. Huyu ana kope, tofauti na mageko wengi, na akishameza hufumba macho kwa raha. Mkia wake mnene ndiyo ghala lake. Ukianza kukonda najua kuna tatizo kabla ya mizani.

Chatu nimempelekea panya wa barafu aliyeyeyushwa na kupashwa, nikamshika kwa kibanio kirefu. Ulimi ukatoka mara tatu. Akageuza kichwa ukutani. Sawa, tutaonana baada ya siku kumi.

Saa 4:50 usiku

Nimelala, na yule nyenje wa asubuhi ameanza kuimba.

Nikikanyaga sakafu ananyamaza, nikirudi kitandani anaendelea. Nimetazama chini ya kabati, nyuma ya ndoo, ndani ya kiatu. Hayupo. Nikakaa gizani kumsikiliza vizuri, na hapo ndipo nikagundua jinsi alivyokuwa anaimba: harakaharaka, bila kituo. Mwaka 1897 mwanafizikia wa Marekani, Amos Dolbear, aliandika kwamba mtu anaweza kukadiria joto kwa kuhesabu milio ya nyenje, kwa kuwa joto likipanda naye huharakisha. Chumba kilikuwa nyuzi 22. Nyenje wa nyuzi 22 haimbi hivyo.

Nikaenda moja kwa moja kwenye kasha la chatu, nikalivuta kidogo kutoka ukutani. Alikuwa hapo nyuma, amejibandika penye hita, mabawa juu.

Geko chui alikuwa bado macho.